Nilisubiri Sahihi ya Shangazi

Nina miaka kumi na tisa, naishi Penrith, huku ughaibuni, na sikio langu la kushoto halisikii. Ukitaka kuniambia jambo, ndugu msomaji, kaa kulia kwangu.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitano, shangazi aliyenilea alinifukuza nyumbani kwake Mount Druitt. Kosa langu? Nilikataa kuacha shule nimlelee watoto. Nikawa nalala kwa marafiki, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Walipochoka nami, nikahamia kwenye gari bovu nyuma ya duka moja Lidcombe.

Huko sikio likaanza kuuma, kisha likatoa usaha. Mwalimu alinihimiza niende kliniki. Sikwenda... Kabla ya kuletwa huku nilikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na kambini mwenye jina la kwanza kwenye kadi ya familia ndiye anayetia sahihi kwa kila kitu. Kwetu jina hilo lilikuwa la shangazi.

Nikaenda kumpigia magoti. Alisimama mlangoni na sare zake za kuhudumia wazee.

"Si umejifanya mkubwa? Rudi kwanza uombe pardon mbele ya kanisa, ndio nitakusainia. Bila mimi hakuna dokta atakugusa."

Nilimwamini. Nilirudi mara tatu, na mara tatu nilijibiwa hivyo hivyo. Mwezi ukapita.

Siku moja nilianguka darasani, nikazinduka hospitali. Daktari alinieleza kuhusu upasuaji wa kuondoa usaha uliokuwa ukielekea ubongoni, akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa, ila shangazi hayupo. Akasema kwa umri wangu, maadamu naelewa, naweza kukubali mwenyewe. Akanipa kalamu.

Sikulia. Nilitia sahihi tu, herufi zimepinda. Waliokoa maisha yangu, lakini kwa sikio maji yalikwisha mwagika. Ningekuja mapema, alisema daktari, pengine dawa tu zingetosha.

Je, shangazi alijua kwamba sahihi yake haikuhitajika? Mpaka leo sijamuuliza, na wala sioni hasira. Sioni kitu.

Mdogo wangu uliyefukuzwa kwenu, nakusihi usiugulie mafichoni ukingoja sahihi ya mtu. Nenda, sema unapoumwa, kisha uliza kama unaweza kukubali mwenyewe. Kuuliza tu! Mimi sikuuliza.

Jumapili iliyopita shangazi alikuja kukaa karibu nami kanisani, upande wa kushoto. Akaniinamia, akanong'ona maneno marefu huku machozi yakimtoka. Huenda alikuwa akiniomba radhi.

Sikumwambia arudie.