Nyuzi za Chikichi Zilizoshika Ukingo

Winfrida na mumewe Jeremia wanakamua mawese nyumbani kwao Ujiji. Mafuta wanauza sokoni Mwanga. Nyuzi zinazobaki wanawashia moto.

Nyuma ya nyumba kuna ukingo wa udongo. Juu yake ndipo kilipo chumba cha Rozalia, mama yake Jeremia. Kila msimu mvua inaumega ukingo ule. Sasa umekaribia ukuta.

"Hamia kwetu, mama," Jeremia alimsihi.

"Nilikuzaa katika chumba hiki. Sihami!"

Jeremia alisikia kwamba nyuzi hushika udongo. Akazichukua moja kwa moja kutoka mashineni, akazitandika ukingoni kama godoro, akazifukia kwa udongo. Mvua moja tu, udongo wote ukateleza. Masikini Jeremia, akaenda kuomba msaada.

Jirani yao Veneranda hupima udongo wa barabara. Alikuja, akazisugua nyuzi zile. Kiganja kikang'aa.

"Shemeji, umeutelezesha mwenyewe!" alicheka. "Hizi zimejaa mafuta. Udongo utashikaje?"

"Kumbe hazifai?"

"Zinafaa sana. Zifue kwa sabuni, zianike. Zikate fupi kama kidole. Usizitandike, zichanganye na udongo wenye unyevu. Konzi mbili kwa ndoo zinatosha."

Alifinyanga matonge mawili, moja la udongo mtupu, jingine lenye nyuzi safi. Yalipokauka aliyapiga. La kwanza lilisambaratika. La pili lilipasuka, lakini vipande havikuachana. Vijiuzi vilivishikilia.

"Mungu wangu!" Winfrida alishika kichwa. "Na sisi tunazichoma miaka yote!"

"Ukingo wenu ni mfupi, mtaweza," Veneranda alisema. "Ungekuwa mrefu kuliko mtu, ningewaambia mwite mhandisi. Shindilieni tabaka kwa tabaka. Chimbeni mfereji, maji yapite pembeni. Pandeni na majani juu. Nyuzi zitakuja kuoza, lakini mizizi itazipokea kazi."

Wakafanya hivyo.

Majani yalipoanza kuchipua, mvua kubwa ilitoka ziwani mchana. Ilipiga mpaka mabati yakanguruma. Jeremia alisimama mlangoni akisubiri ikatike.

Ilipokatika, wote walikimbilia nyuma. Ukingo ulikuwa umesimama vilevile! Rozalia aliinama akaugusa. Hakuamini kwamba uzi mwembamba hivyo unaweza kuzuia nyumba isianguke.

Winfrida alirudi jikoni kuwasha moto wa chai. Akachota nyuzi kama kawaida.

"Weka chini, mwanangu," Rozalia alimwambia. "Hizo hazichomwi tena hapa. Zimenibakizia chumba changu."