Abiria wa Pili

"Mwalimu Khalfan? Mbona analala hapahapa Nanganga, nesi! Nyumba yake ile nyuma ya shule. Kila alfajiri namuuzia vitumbua akienda Masasi."

Hajira akakishusha kitumbua alichokuwa akila.

"Anaishi Masasi, Mama Fakihi. Asubuhi tunakuja wote, jioni tunarudi wote."

"Haya mwanangu. Mie nauza vitumbua tu."

Hajira alirudi zahanati. Tangu masika yeye na Khalfan walikuwa wakikaa kiti kimoja kwenye Noah ya abiria ya Hamudi. Khalfan ndiye aliyeleta wazo la kulipia mwezi mzima kwa bei nafuu, kama wasafiri wa treni aliowaona Dar alipokuwa chuoni. Basi safari zikawa ndoto. Ukungu ukilala juu ya mikorosho, Khalfan humnong'oneza, "Fumba macho. Hii ni treni. Haina matuta wala trafiki." Hajira akifumba, huisikia kabisa ikienda, na bega la mwalimu huwa mto wake.

Ijumaa washenga wa Khalfan wangefika kwao. Kumbe mtu ana nyumba asiyoitaja! Mwanaume akificha nyumba, ndani kuna mke. Hajira alimpenda, na ndiyo maana aliumia.

Akamwandikia Khalfan ujumbe: "Nani anakupikia nyumbani kwako Nanganga?"

Jibu likaja: "Nani kakuambia?"

"Kwa hiyo kweli. Washenga wasije."

Jioni alikaa mbele, karibu na dereva. Khalfan akapanda akihema.

"Hajira, nisikilize."

"Kaka, shuka. Mkeo anakusubiri."

"Sina mke."

"Una nyumba!"

Hamudi akazima gari. "Dada Hajira, lawama nipe mimi. Mwalimu alikuja kukuombea bei ya mwezi. Nikamwambia mtu mmoja simpunguzii, alete wawili. Akasema wa pili ni yeye."

"Na anaishi hapa?"

"Ndiyo hivyo! Alfajiri naondoka naye kukufuata. Jioni tukishakushusha, narudi naye. Masasi hana hata shughuli."

Hajira akageuka taratibu.

"Yaani mimi nabana nauli, wewe unaimwaga?"

"Ulisema nauli inakumaliza," Khalfan alijibu, macho chini. "Na mama yako hataki upange chumba huku peke yako."

"Ungeniambia."

"Ungekataa. Halafu ningekuona wapi?"

Hajira alitaka kununa, kicheko kikamponyoka, na machozi nayo yakafuata. Akahamia kwenye kiti chao cha nyuma.

"Njoo ukae. Na washenga Ijumaa wasichelewe."

"Mwezi ujao niwahesabu?" Hamudi akauliza, akiwasha gari.

"Usituhesabu. Mama kakataa nipange peke yangu, hajakataa nihamie kwa mume wangu."

"Kumbe napoteza abiria wawili!"

"Mmoja tu," Hajira akasema. "Huyu hakuwahi kuwa abiria. Haya mwalimu, washa treni."

Akafumba macho, bega likiwa palepale.

Waliozwa korosho zilipoanza kudondoka. Hamudi ndiye aliyemleta bibi harusi Nanganga, Noah imepambwa kanga mbele hadi nyuma. Wakati wa kushuka, akamnyooshea mkono kwa utani.

"Nauli, dada."

"Kiasi gani?"

"Leo nusu. Ni ya kwenda tu."