Tochi Mbili za Lyse

Lyse alikuwa mpiga mbizi. Kazi yake ilikuwa kusugua matumbo ya boti katika bandari ya Durban. Kila jioni alirudi nyumbani mtaa wa Point, akaanika nguo yake ya mpira bafuni. Na kila jioni mumewe Audace alilalamika.

"Mama Bonheur, bafu iko inanuka samaki!"

"Samaki ndiye anakulisha, Baba Bonheur."

Waliitana hivyo kwa jina la binti yao. Audace alikuwa fundi simu. Mikono yake ilikuwa hodari, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye mwenyewe. Tochi ya mkewe aliinunua kwa bei ya kutupa. Akaitia betri alizozitoa katika kompyuta kuukuu, akaizamisha kwenye ndoo ya maji. Ikawaka mpaka asubuhi. Majirani wote walisikia habari za tochi hiyo, wapende wasipende.

Jumatano moja hakukuwa na utani. Lyse alikuwa chini ya boti, tochi ikazimika ghafla. Ilikuwa mara ya pili. Alipapasa gizani mpaka wenzake wakamvuta juu kwa kamba aliyofungwa kiunoni.

Nigel, Mkenya aliyeongoza kikosi chao, hakumfokea.

"Lyse, wewe ni mtu wa kazi. Lakini tochi ikizima tena, utabaki juu kushika kamba. Sitaki kuenda kumpa bwanako habari mbaya."

Maneno hayo yalimchoma. Miaka mingi alifua nguo za watu katika kitongoji cha Queensburgh ili alipie mafunzo ya kupiga mbizi. Sasa kazi ile ilikuwa inamponyoka.

"Haiwezekani!" Audace alisema aliposikia. "Si ililala kwenye ndoo usiku mzima?"

Jirani yao Mildred alikuwa amekuja kuchukua simu yake. Yeye alifanya utafiti wa samaki chuo kikuu, na alizamia mara nyingi.

"Hebu nione," alisema. Akaifungua tochi. Maji yakadondoka mezani.

"Baba Bonheur, ndoo haina kina. Kadiri mtu anavyoshuka, ndivyo maji yanavyozidi kubana. Tochi ya kuvumilia mvua si tochi ya kuzamia. Nunua iliyoandikwa inafika mita ngapi, na mita hizo zizidi kina anachoshuka Mama Bonheur."

Akaonyesha mpira wa mviringo penye kifuniko. "Huu ndio mlango. Unywele mmoja au chembe ya mchanga ikikaa hapa, maji yanaingia. Usafishe kila mara, upake grisi yake kidogo."

"Na betri, dada?" Lyse aliuliza.

"Hizi zimechoka, na nguvu zake hazilingani. Zinaweza kukata ghafla. Zinaweza hata kulipuka ndani ya tochi. Betri ya lithiamu ni nzuri, lakini iwe aina iliyotajwa na mtengenezaji wa tochi, yenye kinga, kutoka duka la kuaminika. Ichaji ijae kabla ya kazi. Na ukiona betri inajisifu kuwa na nguvu mara tatu ya wenzake, hiyo ni ya uongo."

Audace aliinama. "Eish. Mama Bonheur, ningekupoteza kwa mikono yangu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Twende dukani."

Katika duka la wapiga mbizi, Audace alikimbilia tochi yenye mwanga mpana kuliko zote. "Hii inamulika mpaka kwetu Bujumbura!"

"Bandarini kuna matope," Lyse alisema. "Mwanga mpana unamulika matope tu, unanirudia machoni. Nataka mwembamba, wa kupenya."

Akachagua yenye mwanga huo. Akaongeza tochi ndogo ya kuzamia, inayotumia betri za kawaida zinazopatikana kila duka. Akiba haiozi.

Wiki iliyofuata mvua kubwa ilinyesha. Maji ya bandari yakawa kahawia. Boti moja ya uvuvi ilikwama, kamba imejisokota kwenye propela. Mpiga mbizi wa kwanza alishuka, akarudi mikono mitupu.

"Hakionekani kitu," alisema.

"Nashuka mimi," Lyse akasema.

Mwanga mwembamba ulipenya matope. Akaiona kamba, akaanza kukata. Ghafla kipande kilifyatuka, kikaipiga tochi mkononi ikamtoka. Lyse hakupapasa. Aliwasha ile ndogo, akaiona kubwa ikining'inia kwenye kikamba chake kilichofungwa kiunoni, bado inawaka. Akaishika, akamaliza kazi.

Injini iliponguruma, watu walipiga vigelegele. Audace, aliyekuja kutazama, aliruka kama mtoto.

"Huyo ni mke wangu! Mnamwona? Wangu!"

Nigel alimpa Lyse mkono. "Kesho tunaanza meli kubwa. Nataka wewe uongoze kule chini."

"Nitaongoza," Lyse alisema. "Lakini hashuki mtu mwenye tochi moja."

Nigel akawageukia wanaume wake. "Mmemsikia bosi," alisema. "Nendeni dukani."