Pacha Wangu Alikataa Nipimwe Macho

"Mama, si ulikuja mwaka juzi ukakataa kupimwa?"

Nikacheka. Nilidhani daktari wa macho ananitania.

"Mimi? Hapa ndiyo naingia mara ya kwanza!"

Akafungua faili. "Sahihi yako hii hapa."

Sikuiona. Kila ninachokitazama, katikati pana doa la kijivu... Binti yangu aliyenisindikiza akainama kunisomea.

"Mama... ni jina lako. Lakini huu ni mwandiko wa mama mkubwa!"

Nyie, nilikufa ganzi!

Ngojeni niwaeleze. Mimi na pacha wangu tuna miaka sitini na sita. Alinitangulia kwa dakika kumi, basi ni dada. Tangu utotoni, tukienda kununua viatu anajaribu mmoja tu. Vikimkaa yeye, vimenikaa na mimi. Tuna duka la kushona: mimi nakata, yeye anaunga. Mkasi hajawahi kuuweza.

Mistari ya chaki ilipoanza kupinda machoni pangu, nilimwendea yeye.

"Dada, huu mstari umenyooka?"

"Umenyooka kabisa."

"Mbona mimi nauona kama wimbi?"

"Uchovu huo. Macho yetu si yale yale? Wewe kata!"

Nikakata.

Kumbe mwenzangu alikuwa anatibiwa ugonjwa huohuo wa macho wa uzeeni! Kila mwezi anachomwa sindano ya jicho, mimi ananiaga anafuata vifungo. Vifungo gani vya kila mwezi, jamani? Na mimi zuzu nikawa namfungashia chai ya njiani!

"Tulimsihi akulete," daktari akasema. "Mlizaliwa na macho yanayofanana, lakini kila mmoja anazeeka kivyake. Lake tuliliwahi. Yako yameharibika sana. Tutazuia yasizidi, ila kilichopotea hakirudi."

Nilitoka pale nalia, moja kwa moja mpaka dukani.

"Dada! Ulisaini wewe?"

Cherehani ikanyamaza.

"Hospitali walikuwa wananipigia simu kila wiki nikulete... Nikavaa mtandio wako, nikaenda kama wewe."

"Na kupimwa ukakataa?"

"Ningekaa tu kwenye mashine, wangejua ni mimi."

"Kwa nini, dada?"

"Ungeacha kukata! Mimi peke yangu ningefanya nini?"

"Kwa hiyo ukaponya la kwako, mimi ukaniacha nipofuke?"

Niliumia, ndugu zangu. Angekuwa mtu baki ningemtukana, nikalala. Huyu tumelala tumbo moja!

Akanishika mikono.

"Nitazame basi. Nisamehe."

Nikamtazama. Nikayaona mabega, nikaiona meza nyuma yake. Pale penye uso wake, uso ambao ndio wangu, hapakuwa na kitu.

Msamaha bado sijautoa, nisiwadanganye.

Ila nyie nendeni mkapimwe. Mtu akikwambia anaona vizuri, ameyasemea macho yake, siyo yako.