Diski Aliyoichagua Chapchap

Kila siku akirudi kutoka shule, kabla hata hajavua viatu, Chapchap aliizaba kompyuta kofi. Ilikuwa kompyuta mpakato ya mama yake, kuukuu, yenye kunguruma tumboni, na msichana huyo wa darasa la sita aliamini kwamba haiwaki sawasawa mpaka ipigwe. Aliibonyeza, akaenda kunawa, akala, akarudi na kuikuta bado inahema. Hapo aliichapa la pili.

Chapchap halikuwa jina lake la kuzaliwa. Watoto wenzake walimpa kwa sababu alikula mbio, aliandika mbio na alipigana mbio. Ukimtania, ngumi ilifika kabla hujamaliza kucheka. Kitu kimoja tu kilikataa kwenda mbio naye: mchezo wa magari aliouweka kwenye kompyuta ile. Ulikwama kila kona, hata gari lake likagonga ukuta kabla hajauona.

Kompyuta yenyewe haikuwa ya michezo. Mama yake alirekodi video za harusi, na mtaa mzima ulimwita Mama Video. Akitoka kazini alihamisha picha kutoka kwenye kadi ya kamera, kisha akaifuta kadi ili aitumie kwenye kazi nyingine. Kwa hiyo kilichokuwa ndani ya diski ya kompyuta hakikuwa mahali pengine popote.

Diski hiyo ilipoanza kukwaruza, mama alimtuma Chapchap kwa fundi wa kompyuta akaulize wanunue ipi. Fundi alikuwa kijana mwembamba mwenye kibanda kilichopakana na bucha. Aliweka diski mbili mezani.

"Hii kubwa ina sahani inayozunguka ndani," alisema. "Ni mvivu, lakini tumbo lake halijai upesi. Hii ndogo haina kinachozunguka. Ukiiagiza kitu, imeshaleta. Ila kwa bei ileile, nafasi yake ni finyu, na video zina njaa sana. Mwambie mama achague mwenyewe, kasi au nafasi."

Chapchap aliyasikia yote. Lakini njiani hakuona kitu kingine ila gari lake likizipasua kona. Alipofika nyumbani alimwambia mama kwamba fundi amesema diski kubwa zote alizonazo zina kasoro, na kwamba yeye mwenyewe amewachagulia ile ndogo. Mama alikuwa na kazi ya kuwasilisha siku hiyohiyo. Akasema kama fundi ndiye aliyesema, basi yamekwisha.

Raha ilikuwepo kwa muda. Kompyuta iliwaka kama kiberiti, na mama akamsifu fundi. Kisha nafasi ikaanza kwisha. Alasiri moja Chapchap alitaka kuongeza mchezo wa masumbwi, kompyuta ikamkatalia: imejaa. Akatazama ni nini kimechukua nafasi kubwa kuliko vyote. Ilikuwa harusi ya jirani yao, mwenye bucha. Akajiambia kazi ile imekwisha zamani. Akaifuta, akamwaga na pipa la takataka la kompyuta, akaingia ulingoni kurusha makonde.

Kazi ile haikuwa imekwisha. Jumamosi asubuhi mwenye bucha alikuja akiwa bado na aproni yenye damu, kisu kikining'inia kiunoni. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mama yake mzazi amefariki wiki ile. Siku ya harusi bibi huyo alishika kipaza sauti akawausia maharusi, na sauti yake haikurekodiwa mahali pengine. Alitaka kuisikia.

Mama Video alitafuta. Akatafuta tena, jasho likimtoka puani. Akamgeukia bintiye na kumuuliza kama amegusa kitu.

"Diski imeila," Chapchap alijibu upesi. "Si ndiyo hii aliyotuchagulia fundi?"

Mwenye bucha hakungoja neno jingine. Mama alimkimbilia akimsihi, Chapchap akafuata nyuma, na walipofika kibandani tayari meza ilikuwa imepinduliwa. Skrubu na vioo vya skrini vilitapakaa sakafuni. Mwenye bucha alikuwa amemkaba fundi kooni na kumbana ukutani, akimdai sauti ya mama yake, akampiga kichwa cha pua, kisha ngumi ya mdomo. Damu ikamtiririka fundi hadi kifuani. Watu walijaa mlangoni, na wengine walishangilia kama wako uwanjani.

Fundi alijitetea kwa shida. Alisema hakumchagulia mtu diski, alimtuma mtoto amwambie mama achague. Mama Video naye akamjibu kwamba mwanawe hawezi kubuni maneno ya mtu mzima.

"Kwa hiyo mtoto ndiye mwongo?" mwenye bucha aliuliza, akamzaba kofi lililomwangusha juu ya vioo vilivyovunjika.

Fundi alimtazama Chapchap. Hakumwita, hakumnyooshea kidole. Alimtazama tu kwa jicho moja, la pili lilikuwa limeshaanza kuvimba. Hapo mkono wa mwenye bucha ukashuka kiunoni.

Chapchap aliruka. Aliung'ata mkono ule mpaka akaonja chumvi. Mwenye bucha alimkung'uta kama mtu anayejibandua ruba, msichana akapiga bega kwenye nguzo ya mlango na kuanguka.

"Ni mimi," alisema akiwa chini. "Fundi hakusema. Diski ni nzima. Harusi nimeifuta mimi, nipate nafasi ya gemu."

Mama yake aliinua mkono, na uso wake ulionyesha kwamba hautashuka kwa upole.

"Usimpige, dada," fundi alisema kutoka sakafuni. "Akipigwa atafunga mdomo, na mimi namtaka aseme yote."

Akatema damu pembeni, akakaa, akamuuliza Chapchap alifuta lini na kama alimwaga pipa. Chapchap alieleza kila kitu, hata uongo wa siku ya kwanza. Fundi akatikisa kichwa: kwenye diski za kasi, kilichofutwa hufagiliwa na diski yenyewe. Huko hakuna cha kutafuta. Lakini kadi ya kamera haijifagii hivyo. Kilichofutwa hukaa mpaka kingine kiandikwe juu yake. Akamuuliza Mama Video kama kadi imetumika tena.

Mama akasema imetumika kidogo, kwa sherehe fupi ya watoto. Na alasiri hiyohiyo alikuwa aende nayo kwenye harusi kubwa.

"Ungeifunika yote," fundi alisema. "Mngebaki mnapambana na mimi hapa, huku bibi anafutika kweli."

Kadi ililetwa. Fundi alifanya kazi akiwa na kitambaa chenye maji jichoni, na mwenye bucha alisimama nyuma yake. Vipande vilianza kurudi. Kuingia kwa maharusi kulipotea, na keki ikapotea. Kisha bibi mmoja mfupi akatokea na kipaza sauti mkononi.

"Mwanangu," alisema bibi, "hasira zako nazijua, nimezilea mwenyewe. Ukifunga kazi, kisu kiache hukohuko. Kwa watu uingie na mikono mitupu."

Wageni wa harusini waliangua kicheko. Kibandani hakucheka mtu. Mwenye bucha alitazama vidole vyake, akafungua mkanda, akakiweka kisu dirishani. Akapiga magoti, akaanza kuokota skrubu, huku mabega yakimtikisika. Alimwomba fundi radhi, akasema atampeleka zahanati na kutengeneza kila alichovunja. Mama Video naye aliomba radhi, akaagiza diski kubwa ya kuwekwa pembeni kwa kuhifadhi kazi zilizokamilika, ile ya kasi ibaki ndani kwa kazi za siku hiyo. Michezo yote ingeondolewa. Na kila atokapo shule, Chapchap angekuja kufagia kibanda mpaka fundi aseme basi.

Kisha akamshika bintiye kidevu.

"Kuchagua diski isiyofaa ni kosa la kawaida, mwanangu, hata mimi ningelifanya," alisema. "Wewe ulininyima nafasi ya kuchagua, kwa sababu uongo ulikuwa njia ya mkato. Ukweli ungekupunguzia raha ya mchezo tu. Uongo umempasua mtu mdomo, na ulibakiza hatua moja umuue. Ukikosea tena, na utakosea, njoo uniambie kabla mtu mwingine hajapigwa kwa ajili yako."

Chapchap aliitikia. Bega lilimuuma alipoinama, lakini aliinama, akaanza kuokota vioo kando ya mwenye bucha, kimoja kimoja, bila haraka.