Filamu ya Marehemu Anatoli

Mfuniko wa sufuria ulimponyoka Clotilda mkononi, ukaanguka sakafuni, na haukulia. Ulizunguka kwenye saruji kama mifuniko yote inavyozunguka, ukatulia karibu na mguu wa meza, kimya kabisa. Clotilda aliutazama, akauokota, akajiambia kwamba masikio yamezibwa na mafua, akaendelea kusonga ugali. Mtu mwenye shughuli zake hana muda wa kubishana na mfuniko.

Hiyo ilikuwa wiki ileile aliyorudi na sanduku kutoka mnadani.

Clotilda alikuwa mpiga picha, na studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, Ngara mjini, chini kidogo ya stendi ya mabasi. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kamera za zamani na picha za safari za anga. Mnada wowote kuanzia Ngara mpaka Biharamulo utamkuta, wenzake wakigombea magodoro na majiko ya gesi, yeye akigombea kamera iliyoota ukungu. Ukutani kwake walijaa wanaanga: huyu anaelea kando ya chombo, yule anapunga mkono akiwa amesimama mwezini, na katikati ya wote unyayo mmoja wa kiatu kwenye vumbi la huko. Mumewe Venance, wakala wa forodha pale Rusumo aliyekuwa akirudi nyumbani mwisho wa wiki, alipenda kusema kwamba wanaume wenzake wameoa wake, yeye kaoa stoo. Majirani walimwita Mama Mwezi. Hakuwahi kukasirika, na mimi nisingekasirika pia.

Sanduku lenyewe lilikuwa la marehemu mwalimu Anatoli, aliyefundisha sayansi miaka mingi na kuishi peke yake upande wa Lukole. Kila mwezi ulipokuwa mpevu alitoa kiti nje, akaupiga picha. Alipofariki, watoto wa ndugu zake waligawana mashamba, wakagawana ng'ombe, wakagawana hata masufuria, lakini sanduku la kamera hakuna aliyekubali kuliingiza kwake. Wakalipeleka mnadani pamoja na viti vibovu. Hapo ndipo mwenye akili angejiuliza, maana tangu lini watu wakakimbia urithi? Clotilda hakujiuliza. Alikwisha kuona kamera ya boksi, ile ya kutazamia kwa juu, ndugu wa zile zilizobebwa kwenda mwezini, na mate yakamjaa. Alipandisha bei mpaka washindani wake wakaona haya kuendelea.

Ndani ya kamera ile kulikuwa na filamu iliyotumika nusu.

Sasa, mpiga picha aliyelelewa na filamu ana tabia moja ambayo vijana wa simu hawataielewa. Filamu ambayo haijaisha haisafishwi. Enzi hizo mtu alipigwa picha ya kipaimara akasubiri mpaka wengine wapigwe za harusi, filamu iishe, ndipo sura yake itoke. Kuitoa nusu ilikuwa dhambi. Na kuifungua kamera kwenye mwanga, filamu ikiwa ndani, ndiyo dhambi iliyozidi zote, kwa sababu mwanga unaunguza kila sura iliyomo. Clotilda hakuwahi kumwunguzia mteja hata picha moja, na alijisifia jambo hilo mbele ya yeyote aliyemsikiliza. Kwa hiyo alipoikuta filamu ya marehemu alifanya alichozoea kufanya. Akaimalizia.

Akaanza na mama yake, bibi Rozalia, aliyekuwa akiishi nao. Na hapa kuna aibu niiseme: binti alikuwa na maelfu ya sura za watu makabatini, ya mama yake hata moja hakuwa nayo. Bibi alikataa maisha yake yote. Alisema mpiga picha anamlenga mtu usoni kama anayewinda, na hana adabu. Lakini kamera hii inashikwa tumboni, na mpigaji anainamisha kichwa kutazama kioo cha juu. Bibi Rozalia alimwona binti yake amesimama mbele yake ameinama hivyo, akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Leo umeniheshimu," alisema. "Haya, piga."

Clotilda akapiga, moyo ukimdunda kwa furaha. Kisha akamwita mwanawe Nice, msichana wa darasa la pili, akamsimamisha mlangoni kwa picha ya mwisho. Kwenye kioo aliona doa refu nyuma ya mtoto. Akadhani ni ukungu, akafuta kioo kwa khanga. Doa likawa limesogea karibu na bega la mtoto. Akapiga hivyohivyo, kwani alijua ukungu wa lenzi na aliuzoea.

Dawa ya kusafishia filamu siku hizi haipatikani hovyo, akaagiza Mwanza, na huku akisubiri, kamera ikakaa kwenye rafu ikiwa na sura zake gizani. Ndipo kimya kikaanza. Baada ya mfuniko, jogoo alipanda ukutani, akanyoosha shingo, akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Maji yalimiminika kwenye ndoo bila kusikika. Halafu ikaja harufu, mara jikoni, mara kwenye mashuka yaliyotoka kuanuliwa, harufu ya baruti iliyokwisha kuungua na majivu ya baridi, ileile ambayo wanaanga walisimulia kwamba vumbi la mwezi linayo. Bibi Rozalia alilalamika kwamba pumzi inakuwa fupi. Asubuhi moja walimkuta kitandani mdomo wazi, mkono umeshika ukingo wa dirisha, na Nice, aliyelala naye kitanda kimoja, hakuwa amesikia lolote.

Walimzika. Mzee wa miaka mingi akifariki watu husema ni umri, na Clotilda naye akasema ni umri, akalia, akajifariji kwa jambo moja tu: sura ya mama yake imo kwenye kamera.

Dawa ilipofika hakungoja. Mchana wa jua kali aliingia chumba cha giza nyuma ya studio, akaziba mwanya wa mlango kwa blanketi, akaweka kamera mezani, akapapasa kutafuta kopo la kusafishia. Alikohoa, asijisikie akikohoa. Ile harufu ilikuwa imejaa chumba kizima. Na ndani ya kimya hicho, ambamo hata moyo wake mwenyewe hakuusikia, sauti ya mama yake ikasema taratibu, karibu sana na shavu lake: "Safisha, mwanangu. Nitoe nikuone."

Machozi yakamtoka. Akanyoosha mkono mbele zaidi gizani kutafuta kopo, akalipata, lakini halikuwa mezani, lilikuwa limeinuliwa juu, linamsubiri, na chini yake palikuwa na vidole vilivyolishika, virefu, vya baridi, vingi kuliko vya mkono wa mtu, navyo vikamsukumia kopo lile kifuani kwa upole kama mtu anayemkabidhi mgeni kikombe cha chai.

Hakujua alitokaje. Alijikuta studioni, na Nice yuko sakafuni chini ya picha ya unyayo, midomo imebadilika rangi, anafungua na kufumba mdomo bila sauti. Clotilda alisoma maneno kwenye midomo ile. *Mama, huku hakuna hewa.*

Hospitali walimwekea oksijeni. Walimpima mapafu wakayakuta mazima, na daktari alikiri wazi kwamba haelewi. Akiwa pale mtoto alipumua vizuri. Alipovuka kizingiti cha nyumbani, pumzi ikamkatika tena, na safari hii walipomkimbiza nje haikurudi yote, wala oksijeni ya hospitali haikumsaidia tena. Venance alikuja mbio kutoka Rusumo akiwa na mama mmoja wa Nyakahura, upande wa Biharamulo, aitwaye Speciosa, mwenye rozari shingoni na kibuyu mkononi, asiyeona haya kwa kimojawapo.

"Shikamoo, mama," Clotilda alimwamkia kwa sauti ya chini.

"Marahaba. Iko wapi?"

Aliletewa kamera. Hakuigusa. Aliinusa tu, akarudi nyuma.

"Filamu ya marehemu ameimalizia nani?"

"Mimi."

"Ya mtu mwingine? Kwa nini?"

"Ilikuwa imebaki, mama."

"Imebaki!" Speciosa alipiga paja. "Umeokota sahani ya mtu, umekuta chakula nusu, ukawakalisha watu wako wamalizie. Yule mzee alitazama juu miaka na miaka, na jini la porini likamwona anavyotamani. Likajifanya la huko juu. Likaingia kwenye kioo chake, likapigwa picha, likapata nyumba. Sasa mama yako na mwanao wako nalo kwenye mkanda mmoja, na linawahesabu ni wa kwake."

"Tuitupe mto Kagera," Venance alinong'ona. "Pale kwenye maporomoko."

"Ukiitupa nzima umemtupa na mtoto."

"Tuisafishe basi, tukate picha ya mtoto tuitoe."

"Ukiisafisha, linatoka na sura yake, na halirudi tena ndani. Hicho ndicho linachokiomba." Speciosa akashusha sauti zaidi. "Limebaki gizani humo. Giza ndilo linalolilinda."

Clotilda alimtazama mwanawe aliyelala kwenye mkeka uani, mbavu zikipanda na kushuka kwa shida. Kisha akaitazama kamera.

"Nitaifungua juani," alisema.

"Sijawahi kuona ikifanywa," Speciosa alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana kuogopa. "Linaweza kumbeba papo hapo. Sikudanganyi, mwana wanje, mwanangu wewe."

"Linambeba sasa hivi. Huoni?"

Akaichukua kamera, akasimama katikati ya ua, jua limesimama utosini. Ua wote ukafa sauti. Pikipiki za barabarani zilipita kimya, mdomo wa Speciosa ulikuwa ukisali kimya, na ile sauti ikaja tena, si ya kutoka nje bali ya ndani ya kichwa chake, tamu, ya uchovu, yenye machozi, sauti ya mama yake kabisa.

"Clotilda. Utaniunguza? Huna nyingine. Umepiga picha walevi na wapita njia, na mama yako huna. Kesho utasahau pua yangu, keshokutwa macho, mwisho utakuwa na kaburi tu."

Na hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma, kwa sababu jini mwongo akipata ukweli mmoja huushika kama kisu. Akaishusha kamera. Alimwona mama yake vile alivyocheka akijifuta machozi, akakumbuka kwamba kicheko kile kimo humu, ndani ya kiboksi hiki, wala hakipo popote pengine duniani. Halafu Nice akaacha kupumua.

"Sikiliza wewe!" Clotilda alipiga kelele asiyoisikia mwenyewe. "Unanitisha na mwezi? Mimi? Nenda ukawaone ukutani kwangu! Wametembea kwenye huo mwezi unaojidai ni kwenu, wamekanyaga vumbi lake, wamebeba hewa yao wenyewe, wakarudi nyumbani kula chakula cha jioni na watoto wao! Wewe hujawahi kufika hata mawinguni, mwongo mkubwa, umetoka kichakani Lukole! Mwanangu atarudi! Na mama yangu hakuwahi kuniomba kitu kwa machozi maisha yake yote, kwa hiyo wewe si yeye!"

Akaufungua mgongo wa kamera, na jua likaingia, na mkanda ukajaribu kujikunja urudi gizani lakini aliudaka kwa vidole akauvuta, akauvuta huku baridi ikimpanda viganjani mpaka kwenye viwiko, akauvuta huku harufu ya baruti ikimchoma puani na kitu kirefu kikijinyonga kwenye kivuli chake mwenyewe kwa sababu hapakuwa na kivuli kingine uani pa kujificha, akazidi kuuvuta mpaka ncha ikachomoka, akauinua wote juu kwa mikono miwili kuelekea jua, miezi ya Anatoli, mama yake, mwanawe, vyote vikawa weusi mmoja.

Kilichosikika kwanza ni kilio cha Nice. Kilikuwa kibaya, cha mafua na hasira, na Venance alipiga magoti akakisikiliza kama misa. Kivuli cha Clotilda kikarudi kuwa kifupi miguuni pake, kivuli cha kawaida cha saa za mchana.

Speciosa alizika kamera na mkanda wake mbali na mji. Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni mwa studio akakunja uso. "Na hizi picha za angani uzitoe ukutani."

"Hazitoki," Clotilda alijibu. "Mama, wewe umenisaidia na nakushukuru. Lakini aliyenivamia ni yule. Hawa ni wageni wangu."

Jioni ile mwezi ulichomoza mpevu upande wa Biharamulo. Habari ilikwisha kuenea, na majirani walifunga madirisha yao mapema, wengine wakatundika mashuka. Clotilda alitoa kiti nje, akampakata Nice kiti kikiwa kimeelekea mwezi moja kwa moja, akamwambia autazame asiogope.

Mtoto aliutazama. Baadaye akauliza, "Mama, bibi alikuwaje? Nimeanza kumsahau. Mimi nilikuwa nasubiri picha, kumbe haipo."

Hofu ile ya mchana, ya kuisahau sura ya mama yake, ikamgusa Clotilda moyoni. Kisha akaanza polepole, kwa vidole vyake juu ya uso wa mwanawe.

"Sikio lake la kushoto lilikuwa kubwa kuliko la kulia. Hapa, chini ya jicho, alikuwa na kidoa kama punje ya ulezi. Akicheka, jino hili lilitangulia."

Nice alicheka, na jino lake likatangulia.