Jina la Merv Bungeni

Kila Ijumaa Noreen Tolhurst alikung'uta nguo za kazi za mumewe, Merv, nyuma ya nyumba. Vumbi jeupe lilimwagika kama unga. Merv alikuwa fundi wa boila, matangi ya kuchemshia maji yawe mvuke, katika kituo cha umeme. Mwaka huo alianza kukohoa.

"Sigara tu hizo," alisema Merv.

"Sigara gani? Si uliacha juzijuzi?"

Ijumaa moja akaja Des Garrity, katibu wa chama cha wafanyakazi kituoni.

"Noreen, acha! Usikung'ute!"

"Kwani leo unataka kunifulia wewe?"

Des hakucheka. "Hilo vumbi ni asbesto. Linatoka kwenye vifuniko vya mabomba ya moto. Likiingia mapafuni halitoki tena. Merv analivuta kazini, na wewe unalivuta hapa. Loweka nguo kwanza. Halafu nendeni wote mkapigwe picha ya kifua."

Wakaenda. Mapafu ya Noreen yalikuwa salama. Ya Merv yalikuwa yameharibika.

"Miaka ishirini na sita nipo pale," Merv alisema. "Mbona hatukuambiwa?"

"Wakubwa walijua," Des akajibu. "Ni sisi tu tuliofichwa."

Jumatatu wafanyakazi wote waligoma. Wiki saba Noreen aliwapikia supu ya kondoo pale getini. Mwishowe wakubwa walikubali. Asbesto ikawa inalowanishwa kabla ya kuguswa. Mafundi walipewa barakoa, na nguo zao zikafuliwa kazini. Hakuna aliyepeleka vumbi nyumbani tena.

"Hapa tumeshinda," Des alisema. "Lakini vituo vingine je? Inatakiwa sheria."

"Basi gombea ubunge," Merv alimwambia.

"Mimi? Fundi wa boila kama wewe?"

"Huko wamejaa wanasheria, bwana. Hakuna hata mmoja anayekohoa."

Des aligombea kupitia Chama cha Leba, chama cha siasa kinachotetea wafanyakazi, akashinda. Sheria ilichukua miaka minne. Merv alifariki ikiwa imebaki miezi minane.

Siku ya kupiga kura, Noreen alikaa kwenye viti vya wageni bungeni. Des alisimama akaanza kusoma majina ya wafanyakazi arobaini na mmoja waliouawa na asbesto.

"Mheshimiwa, muda wako umekwisha," Spika alisema.

"Limebaki jina moja, Mheshimiwa Spika." Akalisoma polepole. "Mervyn Tolhurst."

Wageni hawaruhusiwi kusimama mle ndani. Noreen alisimama. Alibaki amesimama mpaka kura zikahesabiwa na sheria ikapita, na hakuna aliyemwambia akae.